“Si kufu yetu”: mama wa babu yake alikuwa mtumwa, je, siwezi kuolewa naye?

SWALI

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni binti wa miaka 27, nafundisha shule ya msingi, nimezaliwa na kukulia Mji wa Kale, Mombasa. Kijana mmoja wa Kisauni ametuma wazee kuniposa. Ana dini, ana kazi, na tabia yake hata mama anaisifu. Ami yangu mkubwa amekataa. Amesema, “Huyu si kufu yetu. Mama wa babu yake alikuwa mtumwa wa watu.” Sisi si masharifu, wa kizazi cha Mtume, ila ni waungwana wa Thenashara Taifa, zile koo kumi na mbili za Waswahili wa Mombasa, na ami hulikumbusha hilo kila akipata nafasi. Baba yuhai lakini amenyamaza, asema hawezi kumvuka kaka yake. Kinachonichoma ni kwamba kaka yangu ameoa binti kutoka bara aliyesilimu juzijuzi, na harusi ikapigiwa vugo bila mtu kusema neno. Je, hili la kufu, yaani mume alingane na mke kwa daraja, ni dini au ni mila? Na utumwa si uliisha zamani?

JIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu kwa sauti mbele ya mke wangu, naye akaniomba nisikujibu kwa haraka. Nimechukua wiki mbili.

Nianze na baba yako. Ami amesema kwa sauti kubwa na baba amenyamaza, kwa hiyo nyumbani kwenu imeonekana kwamba neno la mwisho ni la ami. Kisheria sivyo. Walii wako, yaani mwenye haki ya kukuoza, ni baba. Madhehebu ya Imam Shafii, ambayo Waislamu wengi wa pwani tunayafuata, yamewapanga mawalii kwa daraja: baba, kisha babu mzaa baba, kisha ndugu wa kiume na watoto wao wa kiume, ndipo aje ami. Na vitabu vya madhehebu viko wazi hapa: walii wa karibu akimwoza binti kwa ridhaa ya binti mwenyewe, hata kwa mtu asiye kufu yake, walii wa mbali hana haki ya kupinga. Ami anaweza kununa, anaweza kususia walima, lakini kuizuia ndoa hawezi. Anayeweza ni baba, na baba hajasema la.

Sasa umeuliza kama kufu ni dini au ni mila. Ningekuambia ni mila tupu ungelala vizuri usiku wa leo, lakini ningekuwa nimekudanganya, na ami angekufungulia kitabu kesho asubuhi. Kufu imo katika fiqhi. Wanazuoni wa Kishafii wametaja mambo ya kutazamwa: dini na mwenendo, nasaba, uhuru, kazi ya mtu, na kusalimika na maradhi yanayompa mwenzi haki ya kuvunja ndoa. Katika hilo la uhuru wameandika kwamba mtu aliyekuwa mtumwa akaachwa huru, au ambaye mmoja wa baba zake alipitia utumwa, si kufu ya binti ambaye baba zake hawakuguswa nao. Kwa hiyo ami hakuliokota neno hili barabarani.

Lakini amelisoma nusu. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277 na ambaye vitabu vyake vinafundishwa katika kila darasa la fiqhi kuanzia Lamu hadi Ngazija, alilijadili suala la utumwa wa upande wa akina mama. Imam Rafii kabla yake alielekea kuona kwamba nao una athari. Nawawi akasema kinachofahamika katika maneno ya wanazuoni wa madhehebu ni kwamba hauna, kwa kuwa nasaba hufuata baba. Sasa rudi kwenye maneno ya ami yako. Ametaja nani? Mama wa babu. Kwa kitabu kile kile anachokitegemea, kwa jambo lile lile alilolitaja, kijana wako hajapungukiwa na kitu.

Ikiwa baba wa babu huyo naye alikuwa mtumwa, hesabu ya kitabu inabadilika, na sitakuficha hilo. Ila hata hapo kufu ni haki yenu ninyi wawili, wewe na walii wako. Mkiiachilia kwa ridhaa, ndoa inasihi kama ndoa nyingine yoyote. Wamaliki hawakuiingiza nasaba kabisa; kwao uzito uko kwenye dini ya mtu na kusalimika kwake na kasoro. Na kabla ya madhehebu yote kuna kisa cha Fatima binti Qays, mwanamke wa Kikureshi. Alipotoka eda waliompelekea posa ni Makureshi wenzake, Muawiya na Abu Jahm. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimshauri aolewe na Usama bin Zayd. Zayd alikuwa mtumwa aliyeachwa huru. Mama yake Usama, Umm Ayman, alikuwa Mhabeshi aliyeachwa huru vilevile. Fatima mwanzo hakulitaka jambo hilo. Aliolewa naye, na yeye mwenyewe ndiye aliyesimulia baadaye kwamba Mungu alimtilia kheri katika ndoa ile hata akaonewa wivu. Watu wetu hupenda kusimulia ndoa ya Zayd na Zaynab kwa sababu ilivunjika. Hii ya Usama na Fatima huisikii mimbarini, wala sijui mara ya mwisho niliyoisikia katika hotuba ya nikahi.

Wala si sisi wa kwanza kugombania hili. Mwaka 1905 huko Singapore binti wa masharifu wa Kihadhrami aliolewa na Muislamu wa Kihindi asiyekuwa sharifu. Swali likapelekwa Kairo kwa Rashid Rida, naye akajibu katika jarida lake la al-Manar kwamba ndoa ni sahihi. Sayyid Umar al-Attas wa Singapore akatoa fatwa kwamba ni haramu hata kama binti na walii wake wameridhia. Ugomvi ule haukuzimika. Mwaka 1913 mwalimu Msudani aliyekuwa Java, Ahmad Surkati, aliulizwa swali hilohilo, akasema ndoa inajuzu, na ikambidi aache shule ya Waarabu aliyokuwa akifundisha. Mwaka uliofuata wakaanzisha yeye na wenzake jumuiya ya al-Irshad. Nakutajia ya mbali kwa sababu koo za Kihadhrami zilizogombana kule Java ndizo hizihizi zilizotandaa Lamu, Mombasa na Unguja. Fikra yetu ya kufu ilisafiri nazo, na ilipofika hapa ikakuta mashamba ya watumwa.

Hapo ndipo penye swali lako la pili, na nitakaa hapo kidogo.

Unasema utumwa uliisha zamani. Zamani gani, mwanangu? Soko la watumwa la Mkunazini, Unguja, lilifungwa mwaka 1873 na usafirishaji wa watumwa baharini ukapigwa marufuku, lakini kumiliki mtu hakukukatazwa. Unguja na Pemba sheria ya kuufuta ilikuja mwaka 1897, nayo ikawabakiza masuria, watumwa wa kike waliowekwa kinyumba na mabwana zao, nje hadi 1909. Waingereza walipouchukua ukanda wetu wa pwani wa maili kumi mwaka 1895 waliwaahidi raia wa Sultani kwamba dini na desturi zao hazitaguswa, na kumiliki watumwa kukahesabiwa ndani ya ahadi hiyo. Mombasa, Malindi na Lamu zikangoja hadi 1907. Tanganyika ikangoja hadi 1922. Omani hadi 1970, mwaka ambao ami yako, kwa umri ninaomkisia, alikuwa tayari anakwenda chuoni kusoma Kurani. Babu yake ami yako alikuwa kijana mwaka 1907. Mtu aliyemlea baba yao alikulia katika nyumba ambamo maji yalichotwa, nafaka ilitwangwa na watoto walibebwa na watu waliomilikiwa.

Na ulipofutwa, ulifutwa vipi? Fidia ililipwa kwa wenye watumwa. Waliotumikishwa hawakupewa kitu. Sheria ile ya Unguja ya 1897 ilimtaka mtumwa aende mwenyewe mahakamani kuomba uhuru wake, na akishaupata aonyeshe ana mahali pa kukaa na njia ya kujilisha, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Sasa mtu aliyelima shamba la mwingine tangu utoto, kibanda alicholala kimesimama juu ya ardhi ya bwana, angeonyesha makazi gani? Wengi walibaki palepale, wakalima kwa mapatano mapya na bwana yuleyule.

Kwetu huku, mwaka mmoja baada ya sheria ya 1907, ikaja sheria ya hati za ardhi ya pwani, ya mwaka 1908. Kila mwenye dai alitakiwa alete ushahidi wake. Waliokuwa na hati za kadhi na mashahidi wa kusikilizwa ni waungwana na Waarabu. Aliyelima miaka thelathini alikuwa amelima kwa jina la bwana wake, na jina la bwana ndilo lililoandikwa. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya Serikali ya Mwingereza. Wamijikenda wengi na takriban wote waliotoka utumwani wakageuka maskwota juu ya udongo walioufyeka wenyewe.

Kama hujawahi kuangalia kwa makini, ukienda Kisauni au Majengo tazama nyumba za zamani. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati, kuta za boriti na udongo, juu mabati. Mwenye nyumba anamiliki kuta na mabati. Mchanga ulio chini si wake, anaulipia kodi. Nyumba bila ardhi, ndivyo tunavyoita, na sijui mji mwingine ambako jambo hilo limeenea kama Mombasa. Mzee mmoja wa Majengo aliwahi kunitolea bati la biskuti kutoka uvunguni. Lilijaa risiti za kodi ya ardhi, nyingine zimeliwa na mchwa pembeni, zimefungwa kwa uzi wa katani kwa mafungu ya mwaka mmoja mmoja. Za chini kabisa zilikuwa na jina la babu yake kama mlipaji, za katikati la baba yake, za juu lake. Upande wa mpokeaji, vizazi vitatu, ukoo ulikuwa mmoja. Nilimuuliza kwa nini hakuwahi kujenga kwa mawe, pesa akiwa nazo. Alinieleza kwamba mabati mtu huyang’oa akaondoka nayo siku akiambiwa ahame, lakini jiwe hulibebi.

Sikueleza haya ili umchukie ami. Nimeyaeleza kwa sababu yeye anasema “damu”, na mimi nikiangalia makaratasi naona shamba, kodi na fidia. Kile anachokiita upungufu wa kijana wako ni kumbukumbu ya nani alimfanyia nani kazi, na nani akaandikishwa ardhi kazi ilipokwisha. Kumbukumbu hiyo inahifadhiwa na familia zilizofaidika, na inatolewa siku ya posa.

Lugha yetu yenyewe imeihifadhi. Mjinga, kabla hajawa mtu asiyejua kitu, alikuwa mtumwa aliyeletwa punde kutoka bara, hajajua Kiswahili wala mila za mjini. Mzalia ni aliyezaliwa hukuhuku pwani na wazazi watumwa, na cheo chake kilikuwa juu ya mjinga. Kibarua kimetokana na barua, kijikaratasi alichopewa mtumwa wa mjini aliyekodishwa kazi ya siku. Jioni fungu la ujira alilipeleka kwa bwana. Na mwungwana, ambaye leo ni mtu mwenye adabu, alikuwa mtu huru, basi. Mwendesha matatu anapomwambia abiria “fanya uungwana”, anamwomba ukarimu. Ami yako anapolitamka neno hilohilo analirudisha lilikotoka.

Wapo wanaoufananisha utaratibu wetu na matabaka ya kuzaliwa ya Wahindi. Mimi nasita. Kule mlango umefungwa pande zote mbili, kwa baba na kwa mama, kizazi baada ya kizazi, hata baada ya katiba ya India ya mwaka 1950 kuupiga marufuku utaratibu wa kumhesabu mtu kuwa najisi asiguswe. Kwetu palikuwa na ngazi. Mjinga alisilimu, mwanawe akawa mzalia, akasoma Kurani, akavaa kanzu na viatu ambavyo baba yake asingethubutu kuvivaa mbele ya bwana, na mjukuu akaoa mjini. Ndiyo sababu waliokuwa juu waliilinda ngazi kwa mambo madogomadogo: nani avae kilemba, nani ajifunike kichwa, nani akae wapi katika safu. Mwana Kupona, mwaka 1858, katika utenzi aliomwandikia binti yake, alimwonya asichanganyike na watumwa ila wakati wa kazi. Usingemwonya mtu juu ya jambo lisilotokea. Watoto wa nyumba zile walicheza pamoja, walipendana, na mama alikuwa na hofu. Vizazi viwili baadaye wanawake waliotoka utumwani walipoanza kuvaa kanga za rangi na kisha buibui, walikuwa wakiupanda ule ukuta, na leo hakuna anayeweza kutambua barabarani bibi wa nani alivaa kaniki, ile nguo nyeusi ya watumwa.

Nije kwa kaka yako, kwa sababu hapo umegusa penyewe.

Sheria ya kufu inamfunga binti, haimfungi mwana. Kaka yako angeoa popote kwa sababu watoto watakuwa wa baba yao. Jina, ukoo na urithi vinapita kwake. Wewe watoto wako watakuwa wa ukoo wa mumeo. Kwa hiyo wanaume wa pwani, waungwana, Waarabu, masharifu, wamezaa na wanawake wa kila asili kwa karne nyingi bila ya nasaba zao kutikisika. Suria akimzalia bwana wake, mtoto huzaliwa huru na hulingana na ndugu zake wa mke wa ndoa. Mama mwenyewe hauziki tena, na bwana akifa anakuwa huru. Sayyid Said bin Sultan alipofariki mwaka 1856, watoto wote aliowaacha walikuwa wa masuria. Sultani Barghash, aliyetawala Unguja tangu 1870 hadi 1888 na ambaye mkono wake ndio uliotia sahihi mkataba wa 1873, mama yake alikuwa suria wa Kihabeshi. Hakuna kadhi aliyesimama akasema Barghash si kufu ya mtu.

Ukilishika hili utaona kwamba ami anamtaka kijana wako alipie kitu ambacho watawala wa Unguja hawakukilipia. Wote wana mama mtumwa katika nasaba. Tofauti ni kwamba mama wa babu yake wa Kisauni alibaki kukumbukwa, na wa kwenu, kama wapo, walisahauliwa kwa makusudi. Nasema “kama wapo” kwa adabu tu. Katika mji kama Mombasa, uliohesabu watumwa kwa maelfu, familia ya kale isiyo na hata mmoja sijaikuta, na nimesoma shajara nyingi, yaani maandishi ya nasaba.

Yangu mojawapo. Imeandikwa kwa hati ya Kiarabu kwenye karatasi ngumu, ina majina kumi na moja ya wanaume, baba kwa baba, na marehemu babu aliijua kwa moyo. Kwenye jina la nne kuna maandishi madogo pembeni, wino tofauti, yanayosema mama yake alikuwa Mmanyema, mtu wa Kongo ya mashariki. Jina lake halikuandikwa. Jina la farasi wa mmoja wa wale wazee liliandikwa. La mama halikuandikwa. Nilikuwa mtu mzima, nina watoto, siku nilipoyasoma maandishi yale kwa mara ya kwanza, nikamuuliza shangazi yangu. Alijua. Alikuwa akijua siku zote.

Kwa hiyo nakusihi jambo moja, na hapa nasema kwa uchungu kwa sababu nimeona nyumba nyingi zikifanya kinyume: usimtafutie kijana wako nasaba mpya. Utashawishika. Atatokea mtu aseme yule bibi hakuwa mtumwa hasa, alikuwa Mshirazi, au alilelewa tu, au alichukuliwa vitani kimakosa. Ukiikubali njia hiyo utashinda posa hii na utakuwa umempiga muhuri ami kwamba bibi mtumwa ni aibu. Kisha aibu hiyo itawafuata watoto wako, nao watafundishwa kuificha.

Wazee wa Thenashara Taifa wenyewe walipita njia hiyo na iliwaumiza. Mwingereza aliwagawa watu wa mji huu wenyeji upande mmoja na wasio wenyeji upande mwingine, na kodi, mahakama na heshima vikafuata mgawanyo huo. Waarabu wakawekwa upande wa juu. Waungwana wa Mombasa, waliokuwepo kabla ya watawala wa Kiarabu, Mazrui na kisha Busaidi, wakaambiwa ni wenyeji. Miaka ya 1920 Waarabu walipopewa kura ya kumchagua mjumbe wao katika Baraza la Kutunga Sheria, Thenashara Taifa waliachwa nje, na kwa miaka mingi wakaandika maombi kuthibitisha nasaba zao mbele ya makarani wa kigeni. Ami yako huenda aliyasikia haya kwa baba yake. Mtu aliyepimwa damu na karani akaambiwa haitoshi anajua linavyouma. Muulize, kwa upole, mkiwa peke yenu, wazee wake walijisikiaje.

Na kuna sharifu mmoja ningependa umtaje mbele yake, maana maneno ya mimi na wewe ni mepesi kwake lakini ya Habib Swaleh si mepesi. Alikuja Lamu akitokea Ngazija, nasaba yake ya Jamalil-layl haina wa kuibishia. Waungwana wa Mkomani, mtaa wao huko Lamu, walikuwa na misikiti yao na elimu yao, na watumwa na waliotoka utumwani hawakuwa na nafasi humo. Yeye aliwafundisha. Alikaa karibu nao, akawasomesha Kurani, akaruhusu matari yapigwe katika maulidi, wakubwa wa mji wakamlaumu sana kwa hilo. Alifariki mwaka 1935. Msikiti wake wa Riyadha leo unajaza watu kutoka pwani nzima kila maulidi ya Lamu, na sina shaka ami yako amewahi kwenda.

Upande wa serikali sitakawia. Katiba ya Kenya ya 2010 imeijenga ndoa juu ya hiari ya wanaooana, na mahakama za kadhi zimetajwa humohumo katika katiba kwa mambo ya ndoa za Waislamu. Walii akikataa kumwoza binti kwa mtu aliye kufu yake, kadhi ana mamlaka ya kusimama mahali pa walii. Lakini kadhi awe wa mwisho. Ukianza naye, baba atalazimika kuchagua mbele ya watu kati yako na kaka yake, na mtu mpole akibanwa hivyo hukimbilia upande uliozoeleka. Mfuate baba kwanza. Chagua wakati ambao ami hayupo, baada ya alasiri au baada ya isha, umkalie chini kama ulivyozoea. Mwambie unajua kwamba yeye ndiye walii. Huenda hakuna aliyemwambia hivyo tangu jambo hili lianze. Mpe maneno ya Nawawi, ayapeleke kwa imam wa mtaa wenu ayathibitishe mwenyewe. Usimwombe ampinge kaka yake. Mwombe aseme ndiyo, kisha ami ashughulikiwe na watu wa rika lake.

Kijana naye usimsahau. Katika barua yako yote umeniambia ana dini, ana kazi, ana tabia, hukuniambia kama amekwisha kusikia sababu ya kukataliwa. Wazee aliowatuma wamerudi na jibu gani? Kama bado, alisikie kutoka kwako, kabla halijamfikia barazani. Na umuulize kuhusu yule bibi. Sikuhimizi umuulize kama anayepeleleza. Umuulize kama mtu atakayekuwa mkwe wa nyumba ile. Alikuwa mtu wa wapi, alilima wapi, aliwalea wangapi. Tarehe 1 Januari 1889, pale Rabai, watumwa watoro zaidi ya 1,400 walipewa hati zao za uhuru kwa mkupuo mmoja, na wengine wengi hawakuwahi kuona hati yoyote ila walitoka wakajenga Kisauni yenu mnayoijua. Familia yake huenda ina kisa ambacho hakijaulizwa na mtu wa nje hata siku moja.

Halafu uliza na kwenu. Nenda kwa shangazi yako mkubwa kuliko wote aliye hai, au kwa bibi mzaa baba kama Mungu amemweka. Nenda peke yako, siku ya utulivu, umpelekee kahawa na kaimati. Usiulize nani alikuwa mtumwa. Ami atakutajia baba saba bila kupumua. Wewe muulize bibi majina ya mama zao. Mama wa babu aliitwa nani? Na mama wa baba yake? Walitokea wapi? Andika anavyokutajia, na pale atakaponyamaza andika pia kwamba alinyamaza. Ukipata hata jina moja, niandikie.